Wodi Inayotazama Barabara

Habari ya kifo cha fundi Yoeli ilinikuta nimevaa koti ndani ya ukumbi wa hoteli, Dar es Salaam, katika mwezi ambao hata mbwa wangevua manyoya kama wangeweza. Viyoyozi vilikuwa vimeupoza ukumbi hadi wasikilizaji wakajifunga mitandio, nami nilikuwa mbele yao nikieleza wajibu wa msanifu majengo kwa mazingira: kwamba nyumba inapaswa kujipoza yenyewe, kwa ukuta wake, kwa kivuli chake, kwa upande inaotazama. Nimeitoa hotuba hiyo kwa miaka mingi. Imeninenepesha. Nilipomaliza na kupigiwa makofi nikafungua simu: "Shikamoo. Mimi Tabitha, binti wa fundi Yoeli wa huku Tabora. Baba amefariki jana. Tunazika Jumamosi, ukipata nafasi." Mwenyekiti wa mkutano alikuwa akinishika mkono na kusema nimewafungua macho. Nikamjibu kwamba ni kawaida yangu.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule uliofuata chuo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada mpya, na ajira ya majaribio katika ofisi ya wasanifu ambayo siku hizi haipo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kijiji ambacho nitakiacha bila jina, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Igalula. Mfadhili alitaka jengo, wilaya ilitaka jengo, na bosi wangu alitaka picha ya jengo. Nilitakiwa nikae huko mwaka mzima, nichore, nisimamie, na mwishoni, kama mambo yangekwenda sawa, nipewe barua ya ajira ya kudumu. Wanakijiji waliniita injinia. Mimi si injinia, na tofauti hiyo wanafunzi wa usanifu huipigania kufa na kupona. Sikuwasahihisha hata siku moja.

Kijiji hakikuwa na nyumba ya wageni, hivyo mwenyekiti wake akaona ni vyema mtu wa ramani alale kwa fundi atakayejenga. Fundi Yoeli alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti nzito iliyotumika zaidi katika kwaya ya kanisa la Moraviani kuliko katika mazungumzo. Chumba alichonipa kilikuwa nyuma ya nyumba, kipande cha tembe la zamani lililojengwa na baba yake: kuta za udongo nene kiasi kwamba ungeweza kukaa dirishani na kuning'iniza miguu, dari ya miti iliyoshindiliwa udongo, na juu yake paa bapa ambako Mama Tabitha, mkewe, alianika matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa kwanza kisha vikakaushwa. Saa nane mchana, kuku wakihema uani midomo wazi, mimi nilikuwa najifunika shuka. Humo ndimo nilimochorea. Nimeshasoma maelezo mengi ya ujinga wa wasomi, mengine nimeyaandika mwenyewe, lakini sijapata picha inayozidi hii: kijana aliyejifunika shuka kwa ubaridi wa ukuta wa udongo, akichora wodi ya ukuta mwembamba, madirisha mapana ya vioo, bati tupu juu, na bila baraza, kwa sababu baraza lingeficha vioo.

Dirisha la chumba hicho lilitazama uani, na mafundi walipumzika chini yake baada ya chakula cha mchana. Nilisikia mengi.

"Dirisha lote lile la nini?" mmoja aliuliza.

"La mgonjwa kuonea barabara."

"Mgonjwa aone barabara, au barabara imwone mgonjwa?"

"Wewe acha. Tanuru za matofali tunazo mbili. Injinia katuchorea ya tatu, ya kuokea wazazi."

Wakacheka, na fundi Yoeli akawanyamazisha: "Taratibu, mwenzenu amelala." Sikuwa nimelala. Niligeukia ukutani, nikajiambia kwamba watu wa vijijini huogopa vitu vipya.

Kuhusu barabara ile niseme kidogo. Ni mabaki ya njia ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe zao kuelekea pwani, na pale kijijini inakunja kuelekea kusini kwa sababu misafara ilifuata visima. Kiwanja cha zahanati kiko mashariki ya hiyo kona. Jengo likiitazama barabara linatazama machweo. Na nchini kwetu, tangu ofisi ya kata hadi nyumba ya mwalimu, jengo la maana huitazama barabara. Likiigeuzia barabara mgongo watu watauliza mwenyewe anamkimbia nani. Mimi nilikuwa na sababu ya kisasa zaidi. Gari la mgeni rasmi lingetokea barabarani, na picha ingepigwa kutoka barabarani.

Fundi Yoeli alikuwa na utaratibu wake, ambao sikuuona kwa fundi mwingine yeyote. Kabla ya kufunga kamba za msingi alimwambia mwenye nyumba achukue kigoda, aende akakalie kiwanja siku nzima, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, bila kufanya kazi yoyote. Watu walimtania kwa hilo, lakini walikaa. Mtu akirudi jioni fundi alimuuliza: "Umehamisha kigoda mara ngapi, na umekipeleka wapi?" Kwa majibu hayo ndipo alipojua pa kuweka mlango, baraza na jiko. Wodi haikuwa na mwenye nyumba, hivyo akaniletea kigoda mimi.

"Nenda kakalie, mwanangu. Mwenye nyumba ni anayeichora."

Nilikaa hadi saa nne asubuhi. Nikasema nimeelewa, nikaenda dukani kunywa soda.

Asubuhi ya kuchimba msingi nilikuta kamba zimefungwa, lakini si kama nilivyochora. Fundi alikuwa amelizungusha jengo robo mzunguko. Ubavu mrefu ulitazama kaskazini, barabara ilipata ubavu mfupi usio na dirisha, na vigingi vya ziada vilionyesha baraza. Pembeni alikuwa amepanga matofali machache ya udongo mkavu, mapana, yasiyochomwa. Watu walikuwa wamekusanyika, wazee wa kijiji, akina mama wenye ndoo, na mwenyekiti mwenye daftari. Nikamwendea.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni kamba tu, injinia. Kamba haijengi. Nimeona tuitazame kwanza."

"Mchoro unasemaje?"

"Mchoro umechorwa ndani. Jua liko nje." Alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgeni kuvua viatu. "Saa tisa hapa pamewaka. Ukiwaweka wazazi nyuma ya vioo wakitazama magharibi, hawatakaa. Na matofali haya tunayatoa humu humu kwenye shimo la msingi. Hatukati mti. Zile tanuru mbili zitamaliza miyombo yote ya kilima kile, na mama yako pale nyumbani uyoga ataokota wapi?"

Mtu mmoja akacheka. Pengine alicheka jambo lingine kabisa. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye shahada, "Toa kamba." Hakusogea. Nikarudia.

"Kuzungusha kamba ni nusu siku," akasema fundi. "Kuzungusha ukuta, sijui kama kupo. Mpigie mkubwa wako. Nakungoja siku tatu. Akikataa, nitajenga kama ulivyochora, na sitasema neno."

Lilikuwa pendekezo la heshima, mbele ya watu, nami ningeonekana mtoto kulikataa. Nikapanda treni Igalula hadi Tabora mjini. Ninachokumbuka zaidi katika kibanda cha simu kilichokuwa jirani na stesheni ni joto lake: kibanda cha bati na kioo, kinachotazama magharibi. Ningeweza kuandika kwamba nililiona hilo. Sikuliona. Bosi akapokea, akauliza kuna tatizo gani. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri treni nzima, yenye maneno "mwelekeo" na "hali ya hewa ya eneo." Nikasema, "Hakuna tatizo, bosi. Nilitaka tu kukujulisha kwamba tunaanza msingi."

"Safi sana. Barua yako iko mezani kwangu hapa."

Nikaenda kwenye hoteli ya Mwarabu mmoja karibu na soko, nikala pilau, nikaongeza na sambusa. Kesho yake nikamkuta fundi Yoeli uani kwake akinoa jembe. Mama Tabitha alikuwa akitwanga karanga. Tabitha mwenyewe, msichana wa kidato cha pili, alikuwa amekaa mlangoni na daftari mapajani.

"Bosi amekataa," nikasema.

"Kasemaje?"

"Kasema ramani ikishapita imepita." Nilimtungia bosi hadi maneno. Nilimtungia na sauti.

Fundi akaliweka jembe chini. "Basi," akasema. "Umejaribu, mwanangu. Mkubwa akikataa, mdogo afanye nini?" Na Mama Tabitha akaniambia pole, akanipakulia mlenda.

Fundi alitimiza ahadi yake. Alijenga kosa langu kwa ustadi ambao sijauona tena. Pembe zote mraba, ukuta umenyooka kama mstari wa rula, hakuna kioo kilichokaa upande. Tanuru mbili zilifuka moshi wiki nzima na kilima kikabaki visiki. Ufunguzi ulifanyika saa nne asubuhi, saa ambayo ukuta wa magharibi bado uko kivulini, na niliwaona wageni wakiushika kwa viganja na kusema jengo lina ubaridi mzuri. Picha zilipendeza. Moja ilikaa ukutani katika ofisi yetu hadi ofisi ilipofungwa.

Kisha ukaja Oktoba. Nilikuwa bado kijijini nikimalizia hesabu za vifaa, kwa hiyo siwezi kusema sikuona. Ikifika saa tisa akina mama walitoka mmoja mmoja na mikeka yao, wengine siku ya pili tangu wajifungue, wakalala nyuma ya jengo, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli chake. Kesho yake asubuhi, bati likianza kuwaka na jua likiwa upande huo, walihamia upande wa mbele, barabarani, mbele za wapita njia. Mkunga alibandika maboksi ya dawa kwenye vioo vyangu. Mfadhili alipopata malalamiko akamuuliza bosi, bosi akanitaka niandike ripoti, nami nikaiandika katika chumba cha tembe, nimejifunika shuka. Niliandika kwamba "fundi wa eneo hilo hakuzingatia kikamilifu maelekezo ya mchoro kuhusu paa na mzunguko wa hewa." Ilikuwa sentensi laini, haina tusi. Ilitosha. Wilaya haikumpa fundi Yoeli jengo tena maisha yake yote. Alijenga nyumba za wakulima wa tumbaku, majiko ya watu, na makaburi. Mimi nilithibitishwa kazini.

Nasikia aibu zaidi kwa yaliyofuata. Miaka kumi baadaye dunia ilipoanza kuzungumzia majengo rafiki kwa mazingira, nikagundua kwamba nina utaalamu. Niliandika makala kuhusu tembe la Wanyamwezi: unene wa ukuta, paa la udongo, dirisha dogo linalotazama kaskazini. Niliweka na picha ya kile chumba. Watu waliusifu uchunguzi wangu. Katika kila hotuba nilikuwa na mfano wa wodi moja "mahali fulani magharibi mwa nchi" iliyojengwa vibaya na watu fulani, na nilitikisa kichwa wakati wa kuisimulia.

Jumamosi nilifika msibani na shati jeusi jipya. Walinipa nafasi ya kutoa salamu, kama mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema fundi Yoeli alikuwa chuo changu cha pili, kwamba mikono yake ilijua zaidi ya vitabu. Wazee wa kanisa wakaitikia. Nilipokaa, Mama Tabitha, ambaye sasa haoni vizuri, akapapasa mkono wangu. "Umeongea vizuri, baba. Mwenyewe alikuwa akikutetea daima. Watu wakisema injinia alituharibia, anasema hapana, kijana wa watu alijaribu, mkubwa wake ndiye aliyekataa." Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa tayari imepasuliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Baada ya chakula Tabitha akanitaka tutembee hadi zahanati. Yeye ndiye muuguzi mkuu hapo siku hizi. Mwanamke wa miaka arobaini, anayetembea haraka na kusema polepole. Wodi yangu imekuwa stoo. Ofisini kwake akafungua kabati, akatandaza karatasi mezani. Ilikuwa wodi mpya, itakayojengwa hapo hapo kando ya ile ya zamani, na nyingine kama hiyo upande wa Bukene. Ramani ilikuwa ile ile. Mtu alikuwa ameipitisha kwenye kompyuta na kubadilisha kichwa cha habari, lakini kwenye kona ya chini, ndani ya kisanduku kidogo, zilibaki herufi za jina langu na saini yangu ya ujana, yenye mkia mrefu.

"Ililetwa mwezi uliopita," akasema. "Baba aliiona. Alisema utafutwe, labda safari hii una mkubwa mwingine. Andika barua, mjomba. Wewe watakusikiliza, una jina."

Nikaandika. Mimi ni mwandishi wa makala, dakika ishirini zilitosha. Akaisoma amesimama.

"Hapa umeandika huenda mwelekeo wa jengo ulichangia. Huenda?" Akanirudishia. "Na hapa, kulikuwa na changamoto za usimamizi. Nani huyo, changamoto? Aliishi nyumbani kwetu?"

Nikafuta, nikaandika upya. Akasoma tena, akatikisa kichwa.

"Dada yangu Eunike alikaa humo ndani siku mbili akingoja uchungu. Ya tatu akasema bora afie nyumbani kuliko kuiva. Alijifungua njiani, nyuma ya baiskeli. Mtoto hakulia." Hakupandisha sauti. "Baba ndiye aliyemchongea mtoto huyo sanduku. Na bado akakutetea, kwa sababu ulimpigia simu mkubwa wako."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwamba bosi hakukataa kitu, kwa kuwa sikumuuliza. Kwamba nilipiga simu, nikasema hakuna tatizo, nikaenda kula pilau. Nikamwambia na kuhusu ripoti. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Nadhani nilitamani anifukuze, ingekuwa rahisi. Akavuta kiti, akakaa, akanisogezea kalamu.

"Andika na hilo," akasema.

Barua ya tatu ilikuwa nusu ukurasa. Alinipa masharti mawili: niipeleke kwa mkono wangu, na mama yake asiambiwe. "Yule ana amani na wewe," akasema. "Mimi ndiye nitakayekuwa sina."

Jumatatu asubuhi nilikuwa Tabora mjini, katika ofisi ya mhandisi kijana anayesimamia ujenzi huo, mtu mwenye umri niliokuwa nao wakati ule au zaidi kidogo. Alisimama kunipokea, akaniamkia, akasema alisoma makala zangu chuoni. Nikampa barua. Aliisoma mara mbili, na nikaona uso wake ukibadilika kutoka heshima kwenda kwenye kitu kingine, ambacho nilikistahili. Akasema pale zahanati bado hawajaanza, panazungumzika, lakini upande wa Bukene shimo la msingi limeshachimbwa na zege linamwagwa kesho kutwa.

"Kusimamisha lazima niandike sababu, mzee. Na mchoro mpya lazima mtu ausaini."

"Nitausaini mimi."

Akaitandaza ramani, akaweka kidole kwenye ile kona ya chini. Hakuwa na kejeli, alitaka kuelewa tu.

"Lakini na hii si uliisaini wewe?"

Nikamjibu ndiyo, hiyo niliisaini mimi, na mtu aliyeikataa tumemzika juzi. Akaniuliza aliitwa nani. Nikamtajia jina lote, Yoeli, na la baba yake, na la ukoo. Akaliandika pembeni ya ramani kwa penseli, kisha akainua simu kupiga Bukene, nami nikasimama pale nikisikiliza ikiita, ikiita, bila mtu wa kupokea.